Msinipe hongera, bado dripu moja

Jumapili iliyopita, nje ya kanisa letu hapa Kihonda, Morogoro, watu sita walinishika mkono na kuniambia maneno yale yale: hongera, umepona. Wa saba alikuwa mama wa jumuiya yetu ambaye tangu nianze kuumwa hajakosa wiki hata moja kuniletea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alinitazama usoni akasema, "Mwalimu, umenawiri." Nilishindwa kumwambia kwamba uso huu wa duara umeletwa na deksamethasoni, vidonge ninavyomeza usiku wa kuamkia dripu ili mwili usije ukaikataa dawa. Nikashukuru, nikaenda nyumbani, nikaketi kitandani na kushindwa kufungua vifungo vya gauni langu. Binti yangu ndiye aliyenifungulia.

Mimi ni mwalimu wa ushonaji. Kwa miaka 19 nimefundisha vijana katika chuo cha ufundi hapa mjini: kupima, kukata, kutia zipu, kushona tundu la kifungo kwa mkono kabla sijawaruhusu kugusa cherehani. Vidole hivi ndivyo vilivyowasomesha wanangu. Tangu dripu ya sita vina ganzi, kuanzia nchani hadi kiungo cha kwanza, kana kwamba nimevaa glovu zisizovulika. Majuzi nilijaribu kupinda kitambaa cheupe cha mezani. Niliona doa jekundu kwenye pindo kabla sijajua kwamba sindano imenichoma.

Nina saratani ya titi la kushoto. Nilipangiwa dripu nane, moja kila baada ya siku 21, kabla ya upasuaji. Saba nimemaliza. Ya nane ni Alhamisi hii. Baada ya hapo kuna kisu, baada ya kisu kuna mionzi, na baada ya mionzi kuna kidonge cha kila siku kwa miaka isiyopungua mitano. Kwa hiyo sijapona. Naendelea vizuri, na hilo ni jambo jingine. Naandika kwa sababu nimeona hasara inayoletwa na watu wema wanapoyachanganya mambo haya mawili. Mwanzoni mwa ugonjwa tumejifunza kumshika mgonjwa mkono. Kila Oktoba tunavaa utepe wa pinki na kuhimizana kujipima, na ni vema tuendelee. Lakini dripu zikielekea ukingoni, wote humwachia mkono kwa wakati mmoja: mwajiri, ukoo, majirani, na mara nyingine yeye mwenyewe hujiachia.

Nianze na mgonjwa mwenyewe, maana hapo ndipo nilipokaribia kuteleza.

Siku ya dripu yangu ya kwanza kule hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nilikaa jirani na mama mmoja wa Kilosa. Alikuwa mwenyeji wa mambo yale. Alinifundisha kunywa maji mengi tangu siku moja kabla ili mishipa isijifiche. Alinifundisha kubeba kijiko cha mbao, kwa sababu cha chuma kitaniachia ladha ya kutu mdomoni, na akanionya nisishtuke nikiona mkojo umekuwa mwekundu baada ya ile dawa nyekundu. Nilimuuliza amefikia dripu ya ngapi. "Ya kwanza, mwanangu," akajibu. "Lakini ni mara ya pili." Mwaka uliotangulia alikuwa amechomwa tano kati ya nane. Uvimbe uliokuwa kama limau ukayeyuka, akawa akijipapasa haupati. Nauli ilikuwa imemwishia, mahindi yamekauka shambani yanangoja kuvunwa, na wanawe wakamwambia: mama, si umeshapona? Akakaa. Miezi saba baadaye ulirudi, safari hii na kwapani.

Nilimsikiliza kwa heshima, na moyoni nikasema mimi siwezi kufanya hivyo. Baada ya dripu ya nne nilijipapasa bafuni. Haukuwepo. Nililia kwa furaha, na usiku ule ule nikaanza kupiga hesabu: zimebaki nne, nauli za watu wawili, malazi, siku tano za kulala kila baada ya dripu. Kwa nini niendelee kujitia dawa kali ya kuua kitu ambacho hakipo tena?

Niliporudi kliniki nilimwuliza daktari swali hilo hilo, na alinijibu bila kunikemea. Uvimbe wa sentimita moja tu, alisema, hukadiriwa kuwa na seli kama bilioni moja. Kila dripu huua sehemu ya seli zilizopo, haizimalizi, kisha mwili wenyewe unapewa wiki tatu ujijenge kabla ya pigo linalofuata. Uvimbe ukipungua hadi vidole visiuone, ndani bado zinaweza kubaki seli mamilioni. Dripu za mwisho ni za hizo zisizopapasika. Nilimwelewa haraka kuliko alivyotegemea. Kila mwaka nawarudishia wanafunzi nguo zilizoshonwa vizuri toka begani hadi pindoni, ila mwisho wa mshono hawakufunga uzi. Gauni kama hilo linapendeza siku ya kwanza. Likifuliwa mara mbili, linaachia.

Tangu treni ya reli ya kisasa ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari ambayo kwa basi ingenimalizia nusu siku imekuwa chini ya saa mbili, na saa hizo nimezitumia kusoma kwenye simu. Moja ya dawa zilizokuwa kwenye dripu zangu nne za kwanza ni siklofosfamidi. Sikujua kwamba ina historia hapa jirani. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa sehemu zetu hizi za Afrika. Katika miaka ya 1960 watoto wa namna hiyo walitibiwa kwa siklofosfamidi pale pale Kampala, na katika kazi hiyo ndimo ilimozaliwa, mwaka 1967, taasisi ya saratani ya Uganda. Taya lililovimba lilirudi kuwa la kawaida ndani ya siku chache. Baadhi ya watoto walipona kabisa. Kwa wengine uvimbe uliyeyuka vile vile, mbele ya macho ya mama zao, kisha ugonjwa ukarudi. Niliposoma hapo nilifunga simu nikatazama nje mpaka Pugu. Hata kule, zaidi ya miaka sitini iliyopita, macho na vidole havikutosha kusema nani amepona.

Na kuna jambo la Milan, Italia. Mwaka 1981 daktari Gianni Bonadonna na mwenzake walichapisha matokeo ya wanawake waliopewa mchanganyiko wa dawa tatu, siklofosfamidi ikiwemo, baada ya upasuaji wa titi. Waliopata asilimia 85 au zaidi ya dozi waliyopangiwa walinufaika sana. Waliopata chini ya asilimia 65 walikaribia kuwa sawa na wale ambao hawakupewa dawa kabisa. Mama wa Kilosa alichomwa tano kati ya nane. Hiyo ni asilimia 62 na nusu. Dripu zake hazikuwa zile za Milan, na mimi si daktari wa kusema nini kiliurudisha ugonjwa wake, lakini tangu siku ile sijaweza kuifuta hesabu hiyo kichwani.

Wanaojua udhaifu wa mgonjwa aliyechoka wanajua pia saa ya kumjia. Mimi alinijia mtu baada ya dripu ya tano, na unga wa mizizi kwenye kopo, akisema mwili umeshajaa kemikali, sasa niusafishe kwa miti. Simchukii, pengine anaamini anachouza. Nilimwambia kwamba dawa ninayochomwa sasa, paklitakseli, nayo ilitoka kwenye mti. Wataalamu wa Marekani walichukua gome la mti mmoja wa misitu ya pwani yao ya Pasifiki mwaka 1962, wakalichuja, wakalipima, wakajaribu kipimo kipi kinatibu na kipi kinaua, na ilikuwa mwaka 1992 ndipo nchi yao ilipoidhinisha dawa hiyo kwa wagonjwa. Miaka 30 ya kupima gome. Nikamuuliza unga wake umepimwa na nani. Aliondoka na kopo lake, nami nilibaki natetemeka, kwa sababu kama angekuja siku tatu kabla, nikiwa siwezi kuinuka kitandani, ningelipokea.

Sasa kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Chukua kalenda uweke dripu nane za kila siku 21, kisha uhesabu kuanzia dripu ya kwanza. Ya nne inaangukia siku ya 64, ambayo ni siku ya kwanza ya nusu mshahara. Ya saba inaangukia siku ya 127. Hiyo ni siku ya kwanza ambayo mwajiri hadaiwi tena hata senti. Ya nane ni siku ya 148. Nimeirudia hesabu hii usiku, kwa sababu deksamethasoni hainipi usingizi, nikitumaini nimekosea mahali. Sikukosea.

Mimi nilichelewa zaidi. Kabla ya dripu ya tano kipimo cha damu kilionyesha seli nyeupe ziko chini mno, nikaambiwa nirudi baada ya wiki. Kwa hiyo ya saba nilichomwa siku ya 134, nikiwa sina mshahara. Barua ya chuo ilinitaka nirudi darasani au niende likizo bila malipo. Walioiandika waliifuata sheria, na mmoja wao alinitumia pesa ya mfukoni mwake, Mungu ambariki. Lakini darasa langu lina vijana arobaini, na kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu kinga ya mwili huwa imeshuka kabisa. Kikohozi cha mwanafunzi kinaweza kunipeleka wodini. Nimeelekezwa kwamba joto la mwili likifika nyuzi 38, hata kama ni saa 8 usiku, nisingoje kukuche.

Siku 126 zinamtosha mtu aliyevunjika mguu. Hazimtoshi mgonjwa ambaye tiba yake ina idadi na tarehe zilizoandikwa kwenye kadi tangu siku ya kwanza. Naomba Bunge liitazame sheria hiyo upya: mgonjwa mwenye barua ya hospitali inayotaja idadi ya dripu abaki walau kwenye nusu mshahara mpaka dripu ya mwisho iingie na mwili urudishe kinga. Mzigo huo usimwangukie mwajiri peke yake, maana chuo kidogo kama chetu hakiwezi. Mifuko ya hifadhi ya jamii tunayokatwa kila mwezi ibebe sehemu. Mfanyakazi aliyemaliza dozi anaweza kurudi kazini. Aliyeikatiza ataanza upya, akiweza.

Na sisi wenyewe, ndugu na majirani? Wifi yangu alifungua kundi la michango kwenye simu wiki niliyopewa majibu ya kipimo cha kinyama. Tulikuwa 41. Fedha za dripu tatu za kwanza zilipatikana ndani ya siku nne, na zilizidi. Baada ya ya nne nilituma ujumbe wa kushukuru nikasema uvimbe haupapasiki. Sikujua kwamba nimefunga mchango kwa mkono wangu. Watu walijibu kwa maua na aleluya, kisha kundi likawa la salamu za asubuhi. Ya sita aliilipia mdogo wangu kwa kuuza friji. Nauli ya treni ni 13,000 kwa kichwa, wawili kwenda na kurudi ni 52,000, na bado hujalala, hujala, hujapima damu. Hakuna aliyeacha kunipenda. Waliona kazi imekwisha.

Jamii yetu haishindwi kupanga. Tazama kamati ya harusi: mwenyekiti, mhasibu, kadi za ahadi, vikao kila Jumapili, bajeti inayofika hadi kreti ya mwisho ya soda na posho ya dereva atakayewarudisha wageni. Hakuna harusi ya Morogoro inayoishiwa kabla keki haijakatwa. Kamati ya namna hiyo hiyo inaweza kukaa kwa ajili ya mgonjwa. Igawe ahadi kwa dripu: shangazi ya kwanza, wafanyakazi wenza ya pili, na kadhalika. Na ianze kugawa kutoka mwisho, ya nane ipate mwenyewe kabla ya ya kwanza, kwa kuwa ya kwanza haijawahi kukosa watu. Mama wa Kilosa angekuwa na mtu mmoja tu aliyeshika dripu ya sita, na mwingine wa kumvunia mahindi, leo ningekuwa na habari nyingine ya kuwasimulia.

Naona nimesema sana juu ya kumaliza, na sitaki mgonjwa yeyote anielewe vibaya, kwa hiyo nikiri kosa langu. Ganzi ilipoanza, nilimficha daktari. Aliniuliza kama vidole vinachonyota, nikasema hapana, kwa hofu kwamba atanipunguzia dawa nami niwe kama wale wa asilimia 65. Mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wangu, akasema, "Dada, jana ulishindwa kufunga kamba za viatu." Daktari aliweka kalamu chini. Alinieleza kwamba ganzi ikiachwa ikazidi inaweza kubaki mikononi mwangu maisha yote, kwamba kupunguza kidogo kwa mpango bado kunaniweka ndani ya dozi inayofaa, na kwamba hawezi kutibu asichoambiwa. Dripu ya saba ilipunguzwa kidogo. Mikono hii nataka irudi kwenye kazi yake, kwa hiyo sasa nasema kila kitu, hata kinachoonekana kidogo.

Kuna lingine ambalo sikulitegemea, na sijui kama wenzangu hulisema kwa sauti. Naogopa kumaliza. Kwa wiki 22 kumekuwa na mtu wa kunipima damu, nesi wa kuniambia "haya mama yangu, tunaanza," dawa inayoingia tone kwa tone nikijua inapigana badala yangu. Nilizihesabu dripu kwa hamu kama mfungwa anavyohesabu siku, na sasa imebaki moja, najikuta nauliza: ikishaisha, nani atakuwa analinda? Mwezi kati ya dripu ya mwisho na kisu utakuwa mwezi wa kimya. Nikijipapasa usiku na kuhisi kitu, au kudhani nimehisi, nitampigia nani simu? Neno "umepona" linanifungia mlango hapo. Ukishaniambia nimepona, nitaanzaje kukuambia naogopa?

Yule mama wa uji alirudi jana jioni. Safari hii nilimweleza yote, vidonge, uso, vidole, siku 148. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza tunaondoka na treni ya saa ngapi. Nikamwambia ya alfajiri. Tiketi zimo ndani ya mkoba pamoja na kijiko cha mbao, khanga mbili, limau na kadi ya kliniki yenye mistari saba iliyojazwa na mmoja mtupu. Akasema Alhamisi atakuwa mlangoni kwetu saa 10 usiku na chupa, tuunywe njiani ukiwa wa moto, na akauliza upasuaji ni tarehe ngapi ili aiandike.